Mtoto Anayewatangulia Wenzake: Shule Zetu na Malezi ya Wanafunzi Wenye Vipawa

Katika vikao vya elimu ndani ya majimbo yetu, mara nyingi tunamzungumzia mwanafunzi anayebaki nyuma, na ni haki tufanye hivyo. Mtoto anayefika darasa la nne bila kujua kusoma ni jeraha linaloonekana kwa macho. Lakini yupo mwingine ambaye jeraha lake halionekani kirahisi. Huyu, mwalimu anapomaliza kuandika maswali kumi ubaoni, yeye amekwisha kujibu sita, kisha anakaa nusu saa akiwasubiri wenzake. Mwaka wa kwanza husubiri kwa utulivu. Mwaka wa tatu huwa msumbufu, au mvivu, au hujifunza kuficha anachokijua ili asichekwe. Na kwa kuwa mitihani anafaulu, hakuna anayeuliza habari zake.

Makala hii inaeleza jinsi shule, na kwa namna ya pekee shule za Kanisa nchini Tanzania, zinavyoweza kuandaa mpango wa kumhudumia mtoto wa namna hii bila gharama kubwa na bila kuwadhulumu wengine.

Mfano ulio karibu nasi ni ule wa Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi pale walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa haba, na Mpemba akaogopa kuikosa. Akaingiza maziwa yake yangali ya moto. Mwenzake mmoja, kwa haraka ileile, aliingiza ya kwake bila kuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado. Alipomwuliza mwalimu wa fizikia sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, kwani jambo hilo haliwezekani. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Safari hii mwalimu alisema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa likapata neno la kumtania kila alipokosea.

Kilichomwokoa ni ziara. Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifika Mkwawa kutoa mhadhara, na Mpemba akasimama kuuliza swali lake mbele ya wenzake waliokuwa wakicheka. Mgeni yule hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education. Tangu hapo wanasayansi wa nchi nyingi wanaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, na hadi leo wanabishana kama hutokea kweli na kwa masharti gani. Ubishi huo haupunguzi chochote katika hoja yetu. Kijana alikuwa na kipawa cha kuona na ujasiri wa kuuliza, na shule zake mbili hazikuwa na mahali pa kuliweka swali lake. Jibu lilikuja kwa bahati. Mpango wa shule ni juhudi ya kuhakikisha kwamba jambo kama hilo haliachwi mikononi mwa bahati.

Je, mwanafunzi mwenye kipawa ni nani? Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kuwakusanya watoto wenye alama za juu sana katika vipimo vya akili ili awafuatilie maisha yao yote. Wengi wao waliishi vema na kufanya kazi za maana. Hata hivyo, wavulana wawili waliopimwa na kuachwa kwa kuwa alama zao hazikutosha, William Shockley na Luis Alvarez, walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, wa kwanza mwaka 1956 na wa pili mwaka 1968. Hakuna hata mmoja kati ya waliochaguliwa aliyeipata tuzo hiyo. Mwaka 1978 mtaalamu mwingine wa Marekani, Joseph Renzulli, alipendekeza tuangalie mambo matatu yanapokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na ile hali ya mtu kung'ang'ania kazi aliyoipenda hadi aimalize. Hakudai kwamba lazima mtoto awe wa kwanza darasani. Alidai uwezo wa kutosha, na mambo mengine mawili ambayo mitihani yetu haiyapimi.

Hapo ndipo ugumu wa kwanza wa mpango wowote unapoanzia, yaani kuwatambua wanaohusika. Njia inayotumiwa na wengi ni kumwomba mwalimu ataje majina. Ni njia rahisi, na ina kasoro kubwa: mwalimu humtaja mtoto nadhifu, mtiifu, mwenye daftari safi, ambaye wazazi wake huja shuleni. Katika Kaunti ya Broward, jimbo la Florida, ndivyo ilivyokuwa mpaka mwaka 2005, ambapo wakuu wa elimu waliamua kumpima kila mtoto wa darasa la pili kwa kipimo cha maumbo na michoro, kisichotegemea lugha. Wachumi David Card na Laura Giuliano walichunguza matokeo yake. Idadi ya watoto maskini, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliotambuliwa kuwa na vipawa iliongezeka sana. Watoto hao walikuwapo siku zote, katika madarasa yaleyale, mbele ya walimu walewale. Baadaye fedha zilipopungua na upimaji ule ukasitishwa, pengo la awali lilianza kurudi.

Kwetu somo hilo lina uzito zaidi kwa sababu ya lugha. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili hadi mwisho wa shule ya msingi huingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kimegeuka Kiingereza. Kwa miezi mingi aliyekuwa mwepesi huonekana mzito, na yule aliyelelewa katika shule ya mchepuo wa Kiingereza huonekana ana akili kuliko alivyo. Shule ikichagua wanafunzi wa mpango wake katika muhula huo kwa kutumia mitihani ya Kiingereza, itakuwa imepima ada zilizolipwa na wazazi miaka saba iliyopita. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Kwa hesabu za leo ni mtoto aliyechelewa mno, na pengine asingeingia katika orodha yoyote. Akamaliza kwa miaka mitatu masomo ya miaka minne, na mwaka 1937 akaenda Tabora.

Kwa hiyo ni busara shule ifungue milango kadhaa ya kutambua, si mmoja. Kipimo cha maumbo kwa watoto wote wa darasa la tatu au la nne, wote bila kubagua, ni mlango mmoja. Daftari la mwalimu linaloandikwa maswali ambayo watoto huuliza ni mlango mwingine, na mimi nauamini kuliko mingi. Majibu mtoto anaweza kuyakariri, swali zuri halikaririki. Wazazi nao waulizwe, lakini waulizwe juu ya mambo wanayoyaona: mtoto hutengeneza nini, huharibu nini ili aone ndani, husimulia nini usiku. Na asisahauliwe katekista. Katika vigango vyetu yeye ndiye mwalimu anayemwona mtoto nje ya mitihani, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuulizwa swali ambalo halina jibu katika kitabu cha mafundisho.

Baada ya kutambua, kuna kufundisha, na hapa shule nyingi hukosea kwa kumpa mtoto mwepesi kazi nyingi zaidi za aina ileile. Aliyemaliza maswali kumi anaongezewa ishirini. Mtoto haoni hiyo kuwa zawadi. Huona adhabu ya kumaliza mapema, na kesho yake huenda polepole.

Njia iliyochunguzwa vizuri ni kufupisha mtaala. Chukua mada ya sehemu katika hisabati za darasa la tano. Kabla ya kuianza, mwalimu huwapa wanafunzi wote jaribio ambalo angewapa mwishoni mwa mada. Katika darasa la watoto 60, huenda wanne au watano wakapata karibu yote. Hao hawana sababu ya kukaa wiki tatu wakifundishwa wanachokijua. Mwalimu huangalia makosa yao machache, humwita kila mmoja katika kipindi kinachohusu kosa lake tu, na muda uliobaki huwapa kazi nyingine yenye uzito. Kazi hiyo inaweza kuwa kuchunguza kwa nini sehemu nyingine zikigeuzwa desimali hukoma na nyingine hujirudia bila mwisho; inaweza kuwa kupima shamba la shule na kugawa vitalu kwa mashindano ya madarasa. Kinachotakiwa ni swali ambalo mtoto hawezi kulijibu kwa siku moja. Mwaka 1993 Sally Reis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Connecticut walitoa matokeo ya utafiti wao kuhusu jambo hili: walimu waliwapunguzia wanafunzi waliochaguliwa kati ya asilimia 40 na 50 ya mtaala katika somo moja au zaidi, na katika mitihani wanafunzi hao hawakuwa nyuma ya wenzao waliofundishwa yote.

Niseme neno juu ya desturi moja tuliyonayo, ya kumfanya mtoto mwepesi kuwa msaidizi wa mwalimu. Inapendeza, na inafundisha upendo wa jirani. Kwa kiasi, ni jambo jema kabisa, kwani anayemweleza mwenzake hulielewa somo upya. Lakini mtoto wa miaka kumi ambaye kila kipindi ni mwalimu hapati mwalimu. Wazazi wake walimleta ajifunze, na katika haki hiyo yeye ni sawa na wenzake.

Njia ya pili ni kuruka darasa. Wazazi wetu wazee waliizoea, kisha ikatoweka, na leo walimu wengi huiogopa wakisema mtoto atakosa rafiki wa rika lake. Hofu hiyo haina msingi mkubwa kama tunavyodhani. Miraca Gross wa Australia aliwafuatilia kwa miaka zaidi ya ishirini watoto 60 wenye uwezo wa juu mno. Waliorushwa madarasa kwa uangalifu walikuwa, kwa jumla, na marafiki na maisha yenye utulivu. Huzuni na upweke vilionekana zaidi kwa wale waliozuiliwa kubaki na rika lao. Hata hivyo si kila mwenye kipawa anafaa kurushwa. Mtoto mwenyewe akubali, wazazi wakubali, mwalimu anayempokea awe tayari, na kuwe na wiki sita za majaribio ambazo akirudi darasa lake la awali haitakuwa aibu.

Ipo njia ya katikati ambayo shule ya kawaida inaweza kuianza muhula ujao: kuruka katika somo moja tu. Mtoto wa darasa la nne aliye mahiri katika hisabati huenda darasa la sita katika kipindi cha hisabati, kisha hurudi kwa wenzake kwa masomo mengine na kwa michezo. Gharama yake ni ratiba. Mwalimu wa taaluma hana budi kupanga hisabati za madarasa yote katika saa moja, jambo linalohitaji walimu wa kutosha siku hiyo.

Namna ya tatu ndiyo inayopendwa na watu wengi: kuwatenga wenye vipawa katika shule au mkondo wao. Serikali yetu ina shule za vipaji maalumu, kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora. Zimetoa viongozi na wataalamu ambao taifa linawajua. Lakini mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza kijijini hufika huko na kujikuta wa arobaini. Herbert Marsh na wenzake, tangu miaka ya 1980, wameonesha katika nchi nyingi kwamba mwanafunzi akiwekwa kati ya wenye uwezo mkubwa, kujiamini kwake katika masomo hushuka, hata kama maarifa yake hayajashuka. Kwa hiyo shule ya namna hiyo inahitaji walezi wanaolijua jambo hili na kuliongea waziwazi na wanafunzi katika wiki za kwanza. Singapore, iliyoanza mpango wake maarufu wa kuwatenga watoto wenye vipawa mwaka 1984, ilitangaza mwaka 2024 kwamba itauacha mfumo huo na badala yake kila shule ya msingi iwahudumie wanafunzi wake wenye uwezo mkubwa hapohapo walipo.

Kuhusu ule mkondo A unaoanzishwa katika baadhi ya shule binafsi, na zetu hazimo nje ya jambo hili, nina mashaka. Mara nyingi mkondo huo hupewa walimu bora ili matokeo yapendeze, na picha za watoto zibandikwe katika mabango ya kutafuta wanafunzi wa mwakani. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha za shule bora na wanafunzi bora. Wakuu wengi wa shule walinung'unika. Mimi naona kwamba uamuzi huo ulitupa nafasi ya kumtazama mtoto mwenyewe na kuliacha bango.

Sheria ya Kanisa inazitaka shule zetu ziwe na mafundisho ya kiwango kisichopungua kile cha shule nyingine za eneo lao. Ndivyo inavyoelekeza Kanuni ya 806. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu ya Kikristo, Gravissimum educationis, uliwahimiza wachungaji wawaangalie kwanza walio maskini na wale wasio na msaada wa familia. Mambo hayo mawili yanakutana katika meza ya ada. Shule ambayo ina mpango mzuri kwa wenye vipawa na ada ambayo mkulima wa kigango hawezi kuilipa, imewatambua wenye vipawa miongoni mwa wenye fedha tu. Baadhi ya parokia zimekuwa zikiwalipia watoto kupitia jumuiya ndogondogo. Ni vema mfuko wa namna hiyo usimngojee mtoto afaulu darasa la saba. Umfuate tangu alipotambuliwa, kwa kuwa wengi hupotea katikati, hasa wasichana, ambao kazi za nyumbani huwala saa zao za kusoma.

Mfano wa talanta katika Injili ya Matayo husomwa mara nyingi ili kumkemea aliyefukia moja. Talanta wakati ule ilikuwa kipimo cha fedha chenye thamani ya dinari 6,000 hivi, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Hata aliyepewa moja alipewa ujira wa karibu miaka ishirini. Na aliyepewa tano alitarajiwa afanye biashara kwa zote tano. Shule inayomruhusu atumie moja na kumpongeza kwa kuwa bado anaongoza darasa haijamtendea kama bwana wake alivyokusudia.

Lipo pia suala la moyo wa mtoto. Aliyezoea kupata asilimia mia huanza kuogopa kazi ambayo hawezi kuifanya mara moja, na hujiona ameanguka anapopata tisini. Dawa yake ni kumpa mapema kazi ngumu za kutosha ili akosee mbele ya mtu anayempenda. Wengine wana kipawa pamoja na ulemavu: mtoto anayefikiri kwa kina lakini herufi humchanganya anaposoma, au asiyesikia vizuri. Huyo huwekwa kundi la wazito, na kipawa chake hufunikwa. Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye Papa Leo XIII alimtangaza mwaka 1880 kuwa msimamizi wa shule za Kikatoliki, alikuwa kimya mno ujanani hata wanafunzi wenzake, kama masimulizi yanavyosema, wakamwita ng'ombe bubu. Mwalimu wake, Alberto Mkuu, alisikiliza hoja zake kabla ya kuamua.

Shule inayotaka kuanza ianze kidogo. Mwalimu mmoja mwenye moyo huo, si lazima awe mwenye shahada kubwa, apewe madarasa mawili na vipindi viwili kwa wiki vilivyoondolewa katika mzigo wake wa kawaida. Asipoondolewa vipindi, mpango utakufa kabla ya Pasaka. Kwa kazi za nje atumie vilivyopo: zahanati ya parokia ina takwimu za malaria za kuchorea grafu, kwaya ina nota za kujifunza, na bustani ya masista ina udongo wa kupima. Shule za sekondari zinaweza kuwapeleka vijana wao katika maonesho ya Young Scientists Tanzania, ambako mwanafunzi huulizwa maswali na watu wasiomjua, kama Mpemba alivyotamani kuulizwa.

Mwisho wa mwaka wazazi waelezwe mambo yaliyofanyika bila kutangaza majina kanisani. Orodha ipitiwe upya kila mwaka, ili aliyechelewa kuonekana aingie na anayetaka kupumzika apumzike. Na kila mtoto awe na jalada dogo lenye maswali aliyouliza, kazi alizofanya na maoni ya mwalimu, ambalo atalichukua anapohamia shule nyingine, ili mwalimu mpya asianze naye kwenye maswali kumi ya ubaoni.